Vijana, Filamu na Afya ya Akili: Kusema Bila Kumwanika Mtu

Hati ya kipindi cha redio, kwa wasikilizaji wa kambini na vikundi vya kusikiliza pamoja

(Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Kama redio yenu imeisha betri na mnasoma karatasi hii kwenye kikundi, karibuni vilevile. Msomee na jirani asiyejua kusoma.

Leo tunazungumza juu ya filamu fupi ambazo vijana wakimbizi wanatengeneza wenyewe, kwa kamera ndogo au kwa simu, ili watu waelewe afya ya akili. Kazi hiyo ni nzuri, na mnaweza kuianza hata mkiwa na simu moja tu. Lakini ina hatari yake. Kambini tunajuana. Ukionyesha sura ya mtu leo jioni, kesho asubuhi watu wanamnyooshea kidole kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo maswali yetu leo ni mawili. Tunawezaje kusema ukweli juu ya maumivu ya akili bila kumwanika mtu? Na filamu ikiisha, yule aliyeguswa aende wapi?

(Muziki mfupi.)

Jambo hili ni la wengi

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa makadirio juu ya watu wanaoishi mahali palipopata vita katika miaka 10 iliyotangulia. Katika kila watu 100, kama 22 wana tatizo la afya ya akili. Wengine wana huzuni nzito isiyoondoka, ambayo wataalamu huiita sonona. Wengine wana hofu iliyozidi, au kiwewe cha mambo waliyoyapitia, au ugonjwa mkali zaidi. Kati ya hao 22, kama 13 hali yao ni nyepesi, 4 ni ya wastani, na 5 ni kali.

Hesabu hiyo haikuambii bloku yako ina wangapi. Lakini inaonyesha kwamba mtu mwenye shida hii si kiumbe wa ajabu. Ni mwalimu, ni muuza mandazi, ni kijana anayecheza mpira vizuri kisha siku moja haonekani tena uwanjani. Na wengi wao wanaweza kusaidiwa bila kufungiwa mahali popote.

Shida ni kwamba hatuna mazoea ya kulisema. Neno likitoka, linatoka vibaya: kichaa, mwehu, chizi. Au tunasema amerogwa, ana mapepo. Mtu akishaitwa hivyo, anajificha ndani, na familia inamsaidia kujificha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini ukimcheka mgonjwa, kwa nini asiyafiche?

Sisemi uache kuomba. Sala na matibabu vinaweza kwenda pamoja, na kiongozi wa dini anayemwambia muumini wake aende pia kliniki anafanya kazi kubwa.

Kwa nini filamu?

Unaweza kuuliza: kwani hakuna mabango? Hakuna mikutano? Vipo. Lakini bango linahitaji mtu anayejua kusoma, tena kwa lugha ile. Kwenye mkutano, mtu mwenye shida hawezi kusimama mbele ya wazee akasema, "Mimi usiku silali." Filamu inamruhusu akae kimya kwenye umati, gizani, amwone mtu mwingine mwenye shida kama yake, na asiwe na lazima ya kusema lolote. Wengi wanaanzia hapo: kujua kwamba hawako peke yao.

Wazo la watu kujitengenezea filamu na kuzitazama pamoja si geni. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo nchini Kanada, wavuvi walikuwa na wasiwasi kwamba serikali itawahamisha. Mtengenezaji filamu Colin Low wa Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada alipiga filamu fupi 27 pamoja nao, kisha zikaonyeshwa kijiji kwa kijiji. Watu wa upande mmoja wa kisiwa wakagundua kwamba wa upande mwingine wana shida zilezile. Wakaanza kuzungumza, wakaunda ushirika wa uvuvi, na hawakuondoka kisiwani.

Kwa wakimbizi, shirika la FilmAid lilianza mwaka 1999, likiwaonyesha filamu wakimbizi wa Kosovo waliokuwa makambini Makedonia. Baadaye likafika Kenya, katika kambi za Kakuma na Dadaab. Huko watu wamekuwa wakikusanyika jioni mbele ya skrini kubwa, na vijana wakimbizi wamefundishwa kuandika hadithi, kushika kamera na kuhariri. Hilo la kufundisha ndilo linalotuhusu leo. Filamu ya mgeni inaweza kuwa nzuri sana, lakini mtazamaji anasema, "Hao ni watu wa kule." Filamu iliyopigwa na kijana wa hapahapa, yenye lugha yetu na jiko letu, haimpi mtu nafasi ya kusema hivyo.

Anza na neno ambalo watu wanalo

Hatua ya kwanza haihitaji kamera. Kaeni, muulizane: nyumbani kwetu hali hii inaitwaje?

Mtu mmoja atasema "ana mawazo." Mkongomani atasema "anawaza sana." Mwingine atasema "kichwa kimejaa," au "moyo umechoka." Kwenye Kinyarwanda kuna neno ihahamuka, linalotumika kwa mtu ambaye hofu ya mambo aliyoyaona inamrudia kwa nguvu. Maneno haya ni mali. Mkiandika filamu inayosema "sonona" tangu mwanzo hadi mwisho, bibi wa bloku hataelewa kwamba mnazungumza juu yake. Mkisema "kuwaza sana," atageuka kutazama.

Nchini Zimbabwe walitumia akili hiyohiyo. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha huduma inayoitwa Friendship Bench mjini Harare mwaka 2006. Ni benchi lililowekwa kwenye uwanja wa zahanati, na anayekaa hapo kukusikiliza ni bibi wa mtaa aliyepewa mafunzo. Hawamwambii mtu ana sonona. Wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, kati ya kila watu 100 waliohudumiwa na bibi hao, kama 14 tu ndio walikuwa bado na dalili za sonona. Kwa wale waliopata huduma ya kawaida, walikuwa kama 50.

Ona sasa: neno la nyumbani, mtu wa kusikiliza, na mahali panapojulikana. Filamu yenu ikimwonyesha mtazamaji mambo hayo matatu, imefanya kazi yake.

Hadithi moja, dakika tano

Vijana wengi wakipata kamera wanataka kuweka kila kitu: vita, safari, njaa, ulevi, ndoa za utotoni. Chagueni jambo moja.

Tuchukue mfano. Kuna mama ambaye kila mchana alikuwa anasuka nywele za majirani mlangoni kwake. Sasa mlango umefungwa mchana. Kiti cha kusukia kimegeuzwa. Watoto wanakwenda kuomba chakula kwa jirani. Watu wanasema anaringa. Jirani mmoja anakuja kuomba chumvi, anamkuta amekaa gizani, na badala ya kuondoka anakaa. Hasemi mengi. Kesho yake anarudi. Siku ya tatu wanaenda pamoja kwa mhudumu wa afya wa jamii. Mwishoni hatumwoni mama akicheka na kucheza. Tunaona kiti kimerudishwa mlangoni, basi.

Hadithi hiyo ni ya dakika tano. Haina bunduki, haina damu. Lakini ndani yake kuna dalili: kuacha kazi aliyoipenda, kujifungia, kushindwa kuangalia watoto. Kama mtu ana hali hiyo karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, ni wakati wa kutafuta msaada. Na ndani yake kuna jirani anayefanya mambo matatu yanayofundishwa kwenye msaada wa kwanza wa kisaikolojia: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani ana shida. Sikiliza bila kumlazimisha asimulie. Muunganishe na msaada.

Kwa upande wa ufundi, kumbukeni machache. Pigeni asubuhi au alasiri, jua la mchana linatia uso kivuli. Shikeni simu kwa ulalo na uwe ni ulalo huohuo filamu nzima. Zimeni mtandao ili mtu asipige katikati. Zaidi ya yote, angalieni sauti. Upepo wa kambini unaua filamu nyingi kuliko kamera mbovu. Mkaribieni anayezungumza, au rekodini sauti peke yake ndani ya nyumba yenye nguo nyingi, kisha muiweke juu ya picha.

(Muziki mfupi.)

Usimwanike mtu

Hapa naomba usikilize vizuri, hasa wewe kijana unayetaka kuanza.

Kama inawezekana, tumieni waigizaji. Mtu aliyepitia jambo anaweza kuwashauri kuandika hadithi, lakini si lazima awe yeye kwenye picha. Na hadithi isifanane na ya mtu mmoja mnayemjua kiasi kwamba bloku nzima itasema, "Huyu ni fulani."

Kama mtu anataka kusimulia mwenyewe, kuficha uso peke yake hakutoshi. Kambini tunamtambua mtu kwa sauti, kwa kitenge, kwa kovu la mkononi, kwa namba iliyoandikwa mlangoni, hata kwa mtoto aliyepita nyuma. Pigeni mikono, kivuli, au kitu kinachohusika na hadithi. Sauti isomwe na mwingine.

Ridhaa iombwe mara tatu. Kwanza kabla ya kupiga: mweleze filamu itaonyeshwa wapi, kwa nani, na kwamba anaweza kukataa na hakuna atakachokosa. Mara ya pili baada ya kupiga, kwa sababu mtu akisimulia hujikuta amesema zaidi ya alivyopanga. Mara ya tatu aione filamu iliyokamilika. Akisema toa, mnatoa, hata kama ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Mtoto haridhii peke yake, mzazi au mlezi lazima ahusishwe. Na mtu aliyechanganyikiwa wakati huo, anayelia au anayepiga kelele, hapigwi picha kabisa. Zima simu, umsaidie.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi wazi. Watu wengi wanaamini kwamba ukisimulia mateso yako mbele ya kamera, kesi yako ya kuhamishiwa nchi ya tatu itasogea. Mtu anaweza kufungua kidonda chake chote kwa tumaini hilo, na wewe mwenye simu ukanyamaza kwa sababu unataka hadithi. Usinyamaze. Mwambie waziwazi kabla hujabonyeza kitufe: filamu hii haiongezi rasheni, haisogezi faili, haileti usaili. Kama baada ya hapo bado anataka kusimulia, basi ni ridhaa ya kweli.

Na mkishatuma video kwenye WhatsApp, hamwezi kuirudisha. Inaweza kufika kule tulikotoka, kwa watu ambao mtu huyo aliwakimbia. Kwa hiyo amueni mapema: filamu yenye ushuhuda wa kweli ionyeshwe hapa kwenye mkusanyiko tu, au iende mtandaoni? Kama hamna uhakika, isiende.

Mnapogusa habari ya kujiua

Vijana wengi wanataka kuzungumza juu ya kujiua, kwa sababu wamepoteza wenzao. Linaweza kusemwa, ila kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 2019 WHO ilitoa mwongozo kwa ajili ya watengeneza filamu na wanaofanya kazi za jukwaani juu ya jambo hili. Kwa kifupi unasema hivi: usionyeshe tendo lenyewe wala njia iliyotumika. Usilionyeshe kama suluhisho au kama ushujaa. Usimpe mtazamaji sababu moja rahisi, kwamba mpenzi alimwacha basi akafa, maana mambo huwa mengi. Onyesha mtu aliyepita kwenye giza hilo akapata msaada. Onyesha rafiki aliyeuliza na kusikiliza. Mwishoni weka mahali pa kupata msaada.

Sababu yake ni hii: mtu aliye kwenye hali hiyo anaweza kuiga anachokiona. Akiona njia ya kufa, anaweza kuichukua. Akiona njia ya kuvuka, anaweza kuichukua hiyo. Wewe ndiye unayechagua aone ipi.

Na kumuuliza mtu kwa upole kama anafikiria kujiua hakumpandikizi wazo hilo. Kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Muondolee vitu anavyoweza kujidhuru navyo, mwite mtu mzima anayemwamini, nendeni pamoja kituo cha afya.

Siku ya kuonyesha

Kazi haiishi filamu inapoisha. Kabla ya siku ya kuonyesha, nendeni kwa uongozi wa kambi mpate kibali, na mzee wa bloku ajue. Halafu nendeni kwa watu wa afya ya akili wa kituo chenu, muwaonyeshe filamu kwanza. Waulizeni: watu 10 wakija kesho kwa sababu ya filamu hii, mnaweza kuwapokea? Kama jibu ni hapana, subirini. Kumwamsha mtu kisha ukamwonyesha mlango uliofungwa ni kumuumiza mara mbili.

Siku yenyewe mshauri awepo, mwanamume na mwanamke. Mwanzoni semeni filamu inahusu nini, ili asiyetaka aondoke kwa heshima. Mtu akitoka analia, mmoja wenu amfuate polepole, asimshike, asimpeleke mbele ya watu. Baada ya filamu msiulize, "Nani hapa ana shida kama hii?" Ulizeni juu ya hadithi: "Yule jirani alifanya nini vizuri? Wewe ungemwambia nini?" Watu watazungumza juu ya mama msusi, na ndani yake watazungumza juu ya nafsi zao. Malizeni mapema, wasichana wafike nyumbani kabla ya giza kukolea.

Na picha ya mwisho ya filamu iwe na maelezo ya mahali, yasomwe kwa sauti: jengo lipi, siku zipi, uliza nani. Msiandike tu "tafuta msaada." Mtu asiye na nguvu ya kutoka kitandani hawezi kutafuta, lazima aelekezwe.

Msidharau pia sauti peke yake. Nchini Uganda, katika makazi ya Rhino, wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini walikaa kwa vikundi wakasikiliza mafunzo ya WHO yaliyorekodiwa, yanayofundisha namna ya kukabili msongo wa mawazo. Yalikuwa ya vipindi 5, yakiongozwa na watu wasio wataalamu wa akili. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: miezi 3 baadaye, dhiki yao ilikuwa imepungua zaidi kuliko ya wenzao waliopewa mazungumzo mafupi tu. Kwa hiyo kama hamna projekta wala umeme, kuna spika, kuna memori kadi, kuna kivuli cha mti. Anzeni hapo.

Kama ni wewe

Labda umesikiliza mpaka hapa na hutaki kutengeneza filamu yoyote. Labda wewe ndiye usiyelala. Nenda kituo cha afya cha kambi useme, "Ninawaza sana, silali." Maneno hayo yanatosha kuanza. Kama kituoni unaogopa kuonekana, anza na mhudumu wa afya wa jamii anayepita bloku yenu, au dawati la ulinzi. Kama mguu hausogei, mwombe jirani mmoja akusindikize.

(Muziki wa kufungia unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Haya hapa maswali ya kikundi cha kusikiliza. Moja: hapa kwetu tunaitaje hali ya kuwaza kupita kiasi, na lipi kati ya maneno hayo linamuumiza mtu? Mbili: kama vijana wetu wangetengeneza filamu moja ya dakika tano, ingehusu nini, na nani asionyeshwe? Tatu: kila aliye hapa anajua jengo na siku ya huduma ya afya ya akili? Kama yupo asiyejua, mwambieni kabla hamjaachana.

Karatasi hii ukimaliza usiitupe, mpe wa bloku ya pili. Kwaheri, tuonane kipindi kijacho.

(Muziki. Mwisho.)